Mzee Wanyonyi na Swichibodi ya Kioo

Vijana wa karakana, mmeniomba kurasa mbili za mawaidha kwa wanaobaki. Mawaidha sina. Nilicho nacho ni miaka mingi ya kufundisha vioo kuvijibu vidole vya watu, na hiyo siwezi kuibana kwenye kurasa mbili. Someni mkipata nafasi. Mkikosa nafasi pia someni, maana najua mnavyoshinda mkitazama simu zenu na kuita utafiti.

Mimi sijifichi, mnanijua. Diploma yangu ya elektroniki niliisomea jioni, mchana nikifanya kibarua cha mjengo Riruta, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kisha nikaenda Korea Kusini, nikakaa miaka sita kwenye kiwanda nikifunga mota za mtetemo ndani ya simu. Mota yenyewe ni ndogo kama tembe ya malaria. Siku ya kurudi, wenzangu walishuka uwanja wa ndege na televisheni. Mimi nilishuka na kopo la maziwa ya unga lililojaa mota. Afisa wa forodha akalitikisa, akaniuliza ni dawa ya nini. Nikamwambia ni dawa ya vioo. Akaniruhusu nipite, nadhani kwa huruma.

Karakana wakati huo ilikuwa vyumba viwili nyuma ya kituo cha petroli, upande wa Kangemi. Tulikuwa tunaunda mashine za kugusa za ofisi na hospitali. Siku yangu ya kwanza injinia mwenye digrii, ambaye simtaji kwa sababu bado tunasali kanisa moja, alinipa ufagio.

"Diploma yako ni ya nini?"

"Ya elektroniki."

"Sawa. Anzia hapo chini ya meza. Kuna elektroniki mingi imeanguka."

Nilifagia. Chini ya meza nikapata vipuri vitatu alivyokuwa akivitafuta tangu wiki iliyotangulia. Kufikia saa kumi nilikuwa nimekalia kiti chake, nikilehemu, naye amesimama nyuma yangu akishika taa. Hilo nalisema kwa sababu kuna watu wanakumbuka siku hiyo kwa namna nyingine.

Kazi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa kliniki moja ya Kangemi. Tulikuwa tumewawekea mashine ya foleni: mgonjwa anagusa kioo, anachagua anayemtaka, anapewa karatasi yenye namba. Haukupita muda vioo viwili vikapasuka. Mainjinia wakaandika ripoti kuhusu uharibifu wa mali. Mimi nikaenda kukaa kwenye benchi la wagonjwa asubuhi nzima. Hakuna aliyekuwa akiharibu kitu. Watu walikuwa wametoka kwenye simu za kubonyeza, ambazo ukibonyeza kidude kinashuka na kusema "ta". Kioo hakishuki wala hakisemi. Mtu akigusa na asisikie kitu, anagusa kwa nguvu zaidi. Na mtu anayechanganya simiti mchana kutwa akigusa kwa nguvu zaidi, huhitaji ripoti.

Nikafungua kopo langu. Nikafunga mota nyuma ya kioo ili ukigusa kitetemeke, na njiani nilikuwa najipongeza. Mama wa kwanza kwenye foleni aliweka kidole, akaruka nyuma, akamkanyaga aliyemfuata.

"Inapiga shoti!"

"Si shoti, mama. Ni mtetemo tu. Inakuambia imekusikia."

"Hata landlord wetu alisema hivyo hivyo, na bafu bado inatupiga."

Foleni nzima ikamuunga mkono. Hawa walikuwa watu wa ploti, wanaozijua kuta za mabati zilizoshika stima, na miili yao haikuhitaji kufundishwa mara mbili. Kosa lilikuwa langu. Mota ilikuwa inatikisa fremu yote ya chuma, tena kwa muda mrefu, zzzz, sawasawa na bati lenye stima. Nikakata vipande vya tyubu ya baiskeli, nikaviweka kati ya kioo na fremu, kioo peke yake kikabaki kinatikisika. Mtetemo nao nikaufupisha mpaka ukawa "ta" moja, kavu. Mama yule aliporudi kuchukua majibu ya vipimo vyake, aligusa, akangoja, akagusa tena.

"Hii sasa imebonyezeka," akasema.

Kioo hakikuwa kimebonyezeka hata unene wa unywele. Hiyo ndiyo kazi yetu yote, vijana: kukidanganya kidole kwa heshima.

Sifa zangu zikafika mjini. Kampuni moja ya bima, yenye jengo katikati ya jiji, ilikuwa inahamia kwenye swichibodi mpya ya simu: kioo kitupu, cheusi, kinachong'aa kama gari la harusi. Ile ya zamani ilikuwa ya vibonyezo, na mwendeshaji wake alikuwa Mzee Wanyonyi, asiyeona tangu utotoni. Mliozaliwa juzi hamjui, lakini ofisi nyingi za mji huu simu zake zilipokelewa na watu wasioona. Walifundishwa kazi hiyo shuleni kwao, na waliifanya kutushinda sisi wenye macho, kwa kuwa hawakuwa na kingine cha kutazama. Mzee Wanyonyi alikuwa na ekstensheni za jengo zima kichwani. Ukimpigia mara moja, mara ya pili anakuita kwa jina kabla hujamaliza kusalimia.

Msimamizi wa ofisi, Madam Kerubo, alinieleza shida mbele yake, jinsi watu wanavyoongea mbele ya asiyeona kana kwamba pia hasikii. Mashine mpya ingeanza mwisho wa mwezi. Jumatatu ya kwanza yeye mwenyewe angekaa karibu na Mzee saa nzima amtazame. Akiweza, abaki. Asipoweza, astaafishwe mapema, na simu zichukuliwe na Faith wa mapokezi.

"Si kwamba tunamfukuza," akasema. "Ni teknolojia."

"Nimebakisha miaka minne, Madam," Mzee Wanyonyi akasema kwa ile sauti yake ya simu, laini, isiyopanda wala kushuka. "Nikienda nyumbani sasa, hakuna ofisi nyingine itanichukua. Swichibodi zenyewe zimeisha. Nitakaa Kangemi nikisikiliza redio. Tena ya jirani."

Nikamwambia asihofu, amekutana na mtu aliyefunga mota nyingi kuliko simu zote zilizowahi kuuzwa mjini. "Nipe wiki mbili," nikasema. Mimi huongea hivyo.

Baada ya wiki mbili nikampelekea kazi safi. Kila kitufe kilichochorwa kwenye kioo kilikuwa na mtetemo wake. Kupokea ilikuwa "ta" moja, kuunganisha mbili, kukata ulikuwa mtetemo mrefu kidogo. Mzee akaweka mkono juu ya kioo jinsi alivyozoea, vidole vyote vitano. Kioo nacho kikavisikia vyote vitano. Ta, ta-ta, ta. Sauti nzito ikatoka kwenye spika.

"Hallo? Nani?"

Alikuwa mkurugenzi.

"Samahani, bwana mkurugenzi, tunajaribu mashine." Mzee akatafuta mahali pa kukata. Kwenye kioo, kutafuta kwenyewe ni kugusa. Ta-ta.

"Hallo? Wewe tena?"

Mara ya tatu mkurugenzi hakusema hallo. Alisema neno ambalo sitaliandika, kwa kuwa nimestaafu vizuri.

Faith alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mdomo kwa skafu. "Ghai, Enjinia! Mashine yako inampenda mkurugenzi aje?"

"Ni mazoezi tu," nikasema. "Mzee, ukisikia ta mbili, ujue hiyo ndiyo ya kuunganisha."

"Nikisikia ta mbili, ndugu yangu, nimeshaunganisha. Mashine yako inanipa pole baada ya kunitumbukiza shimoni. Mimi nataka iniambie shimo liko wapi."

"Korea simu zote ziko hivi."

"Na wasioona wa Korea wanafanyaje?"

Sikujua. Miaka sita, na sikuwahi kuuliza.

Akanishika mkono, akauweka juu ya swichibodi ya zamani, iliyokuwa bado kando ya meza. "Funga macho. Usibonyeze. Kaa tu hapo." Nikakaa. Chini ya kidole cha kati nikasikia nundu ndogo ya namba tano. Kitufe cha kupokea kilikuwa kimelika upande mmoja kwa kidole chake cha miaka yote hiyo. Kwenye cha kukata alikuwa amebandika kipande cha plasta ya kidonda, na aliniambia hubadilisha kila Januari.

"Mkono wangu hukaa kwanza," akasema. "Ukishakaa, ndipo hubonyeza. Kioo chako hakina mahali pa kukaa. Ni kama kumkaribisha mgeni kwenye nyumba ambayo kila kiti ni kengele."

Nilirudi Riruta nimenuna. Siku mbili nilitafuta kila njia ya kuthibitisha kwamba mzee hataki kujifunza, na kwa bahati mbaya mimi ni fundi mzuri, nikajithibitishia kinyume. Mtetemo hujibu swali la mwisho: je, nimebonyeza? Yeye alikuwa bado kwenye swali la kwanza: niko wapi?

Basi nikachora bamba la plastiki ngumu, la kulala juu ya kioo bila kukigusa, limeinuliwa na vifuti vya mpira. Mkono ukae juu ya bamba. Kidole kiingie kwenye tundu, ndipo kiguse kioo. Nilichora kwa rula: matundu yote ya duara, yote sawasawa, mistari imenyooka kama gwaride. Niliupenda sana mchoro ule.

Niliupeleka River Road, kwa mtengeneza mihuri aliyeitwa Nyambura, aliyekuwa na chumba orofa ya tatu juu ya duka la misumari na mashine ya kukata kwa miale. Alikuwa amekata mihuri ya nusu ya ofisi za mji huu, na ya ile nusu nyingine inayojifanya ofisi. Akautazama mchoro wangu, akaugeuza, akautazama tena.

"Nani amechora hii?"

"Mimi."

"Wewe unaona?"

"Naona vizuri."

"Ndio maana."

Akachukua muhuri mezani, akanitupia. "Shika bila kuangalia. Mbele ni wapi?"

Kidole gumba changu kikaangukia pengo dogo kwenye mpini.

"Umeona? Karani anayegonga mihuri mchana kutwa haangalii muhuri, anaangalia karatasi. Bila hiyo pengo, barua zote zinatoka zimesimama kwa kichwa. Sasa wewe umemchorea mzee wa watu chujio ya chai. Kidole kitajua aje imefika?"

Tulikaa siku nzima, tukila mahindi ya kuchoma juu ya vumbi la plastiki. Kupokea tukaipa tundu la mraba. Kukata, pembetatu. Kuunganisha, tundu refu jembamba kama mdomo wa sanduku la barua. Namba zilibaki duara, na kando ya tano tukaweka nundu. Ukingo wa mbele, pale gumba linapolala, Nyambura akakata pengo la muhuri. Kisha akasugua kingo zote kwa msasa, na badala ya kuzipima kwa kidole alizipitisha kwenye ngozi ya ndani ya kiwiko chake. "Kidole cha fundi ni gumu, inadanganya," akasema. "Hii haidanganyi." Mimi nimejifunza kwa mainjinia wengi, na wengi wamejifunza kwangu, lakini hilo la kiwiko nililipata hapo, na mnaoniona nikijikwaruza karakanani mnajua sasa sijawa mwendawazimu.

Wiki ile Mzee Wanyonyi alikuja kufanya mazoezi kwenye mashine ya karakana, Faith akimshika mkono kutoka barabarani na akimpigia simu kutoka chumba cha pili. Siku ya kwanza alimkata Faith mara nne. Siku ya tatu alikuwa anaunganisha huku akimsimulia habari za shamba lao Bungoma. Vidole vilikaa, vikatambaa, vikaingia, ta. Nilifurahi kupita yeye.

Jumatatu ya mtihani nilifika ofisini kwao kabla ya jua kupata nguvu. Nikafungua mashine yao, nikapunguza usikivu wa kioo ili kiganja kilicho juu ya bamba kisihesabiwe, nikafunga, nikaweka bamba, nikaenda kunywa chai. Nilipokuwa kwenye chai, mfanyakazi wa usafi alipita. Alikuwa mwangalifu. Aliinua bamba, akapangusa kioo mpaka kikang'aa, akalirudisha. Alilirudisha limegeuka, mbele nyuma. Hakuna aliyejua.

Madam Kerubo akaketi na daftari. Mimi na Faith tukasimama ukutani. Saa mbili kamili simu ikalia. Mzee akaweka mkono juu ya bamba, akasimama hapo hapo.

Ikalia tena. Nikatazama bamba: plastiki nyeusi juu ya kioo cheusi, mimi sikuona kasoro yoyote. Ikalia mara ya tatu. Madam akatazama saa yake, kisha akanitazama mimi.

"Mungu wangu," Faith akanong'ona. "Amesahau."

Gumba la Mzee lilikuwa linatembea polepole kwenye ukingo wa mbele, kutoka mwisho hadi mwisho, likitafuta. Likavuka, likaenda ukingo wa nyuma. Hapo likasimama. Akainua bamba lote kwa mikono miwili, akaligeuza, akaliweka, na kabla mlio wa tano haujaisha kidole kilikuwa ndani ya mraba.

"Habari ya asubuhi, karibu. Ah, Bwana Otieno. Ni ile gari bado? Nakuunganisha na madai."

Saa nzima ilikwenda hivyo. Karibu na mwisho mkurugenzi alipiga kutoka juu, akijifanya mteja, sauti ameibana.

"Habari, bwana mkurugenzi," Mzee akamwambia. "Afadhali leo wewe ndiye umenipigia."

Madam Kerubo akafunga daftari. "Mzee, unabaki," akasema. Kisha akanigeukia, akaniuliza kama lile bamba lingeweza kuondolewa wageni wakija, maana linaharibu sura ya mashine. Ni Faith aliyemjibu. Alisema yeye hushika simu Mzee akienda kula, na kwa bamba lile ataweza kumtazama mgeni usoni huku akiunganisha, badala ya kuinamia kioo kama mtu anayetoa mchele mawe. Likabaki. Mzee Wanyonyi alimaliza miaka yake minne juu yake.

Lakini kuna siku moja ndani ya miaka hiyo ambayo sijawahi kumsimulia mtu, na nikiondoka bila kuiandika nitakuwa nimewapa historia nusu.

Mwisho wa mwaka ule kampuni yetu ilinipa tuzo: kipande cha kioo kizito, maandishi yamechorwa kwa ndani. Sikungoja hata kifike nyumbani. Nilikifunga kwa gazeti, nikakipeleka mjini nimwonyeshe Mzee. Nilimkuta simu zimetulia. Akakipokea kwa mikono miwili, akakipapasa mbele, nyuma, na kingo zote.

"Ni kizito. Ni nini?"

"Ni tuzo. Jina langu limeandikwa."

"Liko wapi?"

"Hapo chini ya kidole chako."

"Hapa kuna ulaini tu. Nisomee."

Nikamsomea, nikasimama kabisa: Kwa Bwana Ndung'u, kwa uvumbuzi wa mtetemo uliomwezesha mwendeshaji simu asiyeona kuendelea na kazi yake.

Akapapasa tena pale penye ulaini. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akatoa leso.

"Mtetemo upi, Ndung'u?"

"Si huu? Wa ta, ta."

"Huo uko kwenu karakana. Hii ya hapa mara ya mwisho kutetemeka ni siku ile tuliyomsumbua mkurugenzi. Siku ile ya Madam nilipokea simu ya kwanza, nikangoja ta yako. Kimya. Ya pili, kimya. Nikaona basi, nikaendelea na mashimo ya mama wa mihuri."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya Madam? Siku ile tulikuwa wawili kwenye mtihani, bwana, na mmoja wetu alikuwa ameshaanguka. Nikaona atakuja mwenyewe, aguse, ajue. Nimekungoja mpaka leo."

Na nilikuwa nimekuja. Mara tatu nilikuja kuikagua, nikasimama pale mlangoni, nikauliza, "Iko aje?" Wakasema iko sawa. Faith hakujua kama ilipaswa kutetemeka. Nami nikaandika kwenye fomu kwamba imekaguliwa.

Nikatoa bisibisi. Waya wa mota ulikuwa umelala pembeni, safi, jinsi nilivyouchomoa mwenyewe asubuhi ile ya mtihani nikirekebisha kioo. Haukuwa umekatika. Hakukuwa na panya wa kumsingizia. Nikauchomeka, nikafunga, nikamwomba Faith apige kutoka mapokezi.

Simu ikalia. Mzee akaweka mkono juu ya bamba, kidole kikatambaa, kikaingia kwenye mraba. Ta.

Akakiacha kidole humo ndani ya mraba. Faith akawa anaita, "Hallo? Mzee, uko?"

"Niko, Faith. Asante, mama." Akakata: pembetatu, mtetemo mrefu. "Hii ni nzuri," akaniambia. "Najua simu imeshika kabla sijasikia mtu akipumua."

Akapapasa meza, akakipata kile kioo cha tuzo, akanirudishia.

"Sasa nisomee tena."

Nikasoma upya, neno kwa neno, polepole kuliko mara ya kwanza.

"Haya," akasema. "Sasa ni kweli."